SURA YA NANE: MTO, ARDHI NA SAMAKI

Bila shaka umepata kuuona mto wakati wa mvua kubwa. Maji hujaa, huenda kwa kasi, na rangi yake huwa ya kahawia au nyekundu. Je, umepata kujiuliza rangi hiyo hutoka wapi? Rangi hiyo si ya maji. Ni udongo. Jana udongo huo ulikuwa katika shamba la mtu. Leo unasafiri kwenda ziwani, wala hautarudi tena.

Udongo ukiondoka, mkulima hupata hasara. Jambo hilo hulielewa kila mtu. Lakini yuko mwingine apataye hasara, ambaye hatumwoni kwa urahisi. Huyo ni samaki. Katika sura hii tutajifunza jinsi samaki wanavyoutegemea mto, jinsi mto unavyoitegemea ardhi, na jinsi watu wanavyoweza kuyarejesha makazi ya samaki yaliyoharibika. Mfano wetu mkubwa utakuwa Mto Simiyu.

1. Mto Simiyu na bonde lake

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni mji wa Bariadi. Mkoa huu umepewa jina la Mto Simiyu. Mto huanzia upande wa mashariki, katika nyanda zinazopakana na Serengeti. Kutoka huko hutiririka kuelekea magharibi na kupokea maji ya vijito na mito mingine, mmojawapo ukiwa Mto Duma. Mwishowe huyamwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, wilayani Magu, Mkoa wa Mwanza. Ghuba hiyo ni sehemu ya Ziwa Victoria.

Wakati wa masika mto hujaa. Wakati wa kiangazi maji hupungua sana, na sehemu nyingi hubaki mchanga na vidimbwi tu. Hapo watu huchimba mchangani ili wapate maji.

Eneo lote la nchi ambalo maji yake ya mvua hutiririkia katika mto fulani huitwa bonde la mto. Bonde la Mto Simiyu lina ukubwa wa zaidi ya kilometa za mraba 10,000. Ndani yake mna mashamba, malisho, vijiji, shule na miji.

Ili kulielewa jambo hili, fikiri juu ya nyumba yenye paa la bati. Mvua ikinyesha, maji hutiririka juu ya bati, huingia katika mfereji, kisha huingia katika pipa. Kama paa lina vumbi na kinyesi cha ndege, maji ya pipani yatakuwa machafu. Ukitaka maji safi, kuliosha pipa peke yake hakutoshi. Yakupasa kulisafisha paa.

Bonde la mto ni kama paa hilo. Mto ni mfereji, na ziwa ni pipa. Yafanyikayo juu ya kilima huko Bariadi au Itilima huonekana baadaye katika maji ya Ghuba ya Speke.

Zoezi la 1
(a) Taja mto au kijito kilicho karibu na shule yako. Maji yake huenda wapi?
(b) Mvua ikinyesha katika kiwanja cha shule yenu, maji hutiririkia upande gani? Chora ramani ndogo kuonyesha njia yake.

2. Makazi ya viumbe mtoni

Mahali ambapo kiumbe huishi, hupata chakula na kuzaliana huitwa makazi yake. Mto mmoja una makazi ya namna nyingi.

Chini ya maji kuna mawe, changarawe na mchanga. Juu ya mawe huota mwani, yaani mimea midogo sana ya kijani. Katikati ya mawe hujificha wadudu wachanga wa majini, kama vile watoto wa kereng'ende.

Kando ya maji kuna ukingo. Ukingo wenye afya una miti, vichaka na nyasi. Mizizi huushika udongo usiporomoke. Matawi huyatia maji kivuli, nayo majani na wadudu waangukao huwa chakula cha viumbe wa majini.

Pembeni zaidi kuna uwanda wa mafuriko. Hapa ni mahali tambarare ambapo maji hutanda mto ufurikapo. Kwa wiki chache nyasi hizo huwa chini ya maji, kisha hukauka tena.

Mwisho kuna mlango wa mto, yaani mahali uingiapo ziwani. Katika mlango wa Mto Simiyu kuna ardhi oevu yenye mafunjo na matete. Mafunjo hupunguza mwendo wa maji, na tope jingi hutua hapo kabla ya kufika ziwani. Kwa hiyo mafunjo ni kama chujio. Aidha, vifaranga vya samaki hupata maficho katikati ya mashina yake.

Kila kiumbe kina tabia yake. Kamongo ana mapafu, hivyo huweza kuvuta hewa juu ya maji, na wakati wa ukame huweza kujichimbia katika tope. Kambare naye huweza kuvumilia maji machafu kwa sababu ana kiungo cha pekee cha kuvutia hewa. Lakini samaki wengi hawana uwezo huo. Wao hutegemea oksijeni iliyoyeyuka majini, nao huivuta kwa matamvua.

Wingi wa aina mbalimbali za viumbe mahali fulani, yaani mimea, wadudu, samaki, ndege na wengineo, huitwa bioanuwai. Viumbe hao hutegemeana. Wadudu hula mwani, samaki hula wadudu, korongo hula samaki, na binadamu pia hula samaki. Kiungo kimoja kikikatika, viungo vingine navyo hudhoofika.

3. Safari ya ningu

Katika Ziwa Victoria na mito yake kuna samaki aitwaye ningu. Ningu hapatikani popote pengine duniani isipokuwa katika ziwa hilo na mito iliyo karibu nalo. Mdomo wake uko upande wa chini, naye huutumia kukwangua mwani na vyakula vingine vilivyo juu ya mawe na tope.

Ningu mkubwa huishi ziwani. Mvua kubwa zinyeshapo na mito kujaa, ningu huacha ziwa na kupanda mto. Huogelea kwa makundi kuushinda mkondo wa maji, mpaka wafike penye uwanda wa mafuriko. Hapo, katika nyasi zilizofunikwa na maji yasiyo na kina kirefu, majike hutaga mayai na madume huyarutubisha. Kisha wazazi hurudi ziwani. Mayai huanguliwa baada ya muda mfupi, na vifaranga hukua katika maji yale yenye joto na chakula kingi. Maji yapunguapo, vifaranga huingia mtoni, na hatimaye huteremka kwenda ziwani.

Angalia basi mahitaji ya ningu. Anahitaji ziwa. Anahitaji mlango wa mto ulio wazi. Anahitaji mto wenye maji ya kutosha na oksijeni. Anahitaji uwanda wenye nyasi. Likikosekana hata moja tu kati ya haya, safari yake hukatika na hawezi kuzaa.

Zamani ningu walivuliwa kwa wingi katika mito mingi ya Ziwa Victoria. Wavuvi walitega nyavu penye milango ya mito wakati uleule wa kupanda kwenda kuzaa, nao walinaswa wakiwa wamejaa mayai. Kufikia katikati ya karne ya 20, ningu walikuwa wamepungua sana. Leo ningu wamo katika orodha ya samaki walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka duniani.

Wataalamu nchini Uganda wamefaulu kuwazalisha ningu katika vituo vya kufugia samaki. Hilo ni jambo jema. Lakini samaki wa bwawani akirudishwa katika mto ulioharibika, atafanya nini? Atakufa bila kuzaa. Ndiyo sababu yatupasa kuyatengeneza makazi kwanza.

Zoezi la 2
Chora duara kuonyesha maisha ya ningu: ziwani, mtoni, uwandani, kisha ziwani tena. Katika kila hatua andika kitu kimoja kinachoweza kumzuia asiendelee.

4. Namna makazi yanavyoharibika

Katika bonde la Mto Simiyu, kama katika mabonde mengine mengi, makazi ya samaki huharibiwa kwa njia hizi:

(a) Kukata miti na kulima mpaka ukingoni. Mizizi ikifa, ukingo huporomoka. Mto hupanuka, nao hupungua kina.

(b) Kulima kwa kufuata mteremko. Matuta yakielekea chini, kila mfereji kati ya tuta na tuta huwa njia ya kuteremshia udongo mtoni.

(c) Mifugo mingi kunywa maji mahali pamoja. Kwato huvunja ukingo na kukanyaga mimea, na kinyesi huingia majini.

(d) Kuchimba mchanga bila mpango. Mashimo huharibu chini ya mto na kuporomosha kingo.

(e) Sumu na mbolea. Simiyu ni mkoa uongozao katika kilimo cha pamba nchini, na pamba hunyunyiziwa dawa za kuua wadudu. Mtu akioshea bomba la dawa mtoni, dawa huua wadudu wa majini na samaki pia. Mbolea na kinyesi navyo hurutubisha magugu maji, ambayo yakizidi huyafunika maji na kuyakosesha mwanga.

(f) Uvuvi mbaya. Nyavu za matundu madogo, sumu, na mitego inayoziba mto wote huwamaliza samaki kabla hawajazaa.

Ni haki kueleza kwamba si hasara zote za Ziwa Victoria zilianzia mtoni. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, naye aliwala samaki wadogo waitwao furu. Katika miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilitoweka. Sangara hatuwezi kumwondoa ziwani sasa. Lakini tope, sumu na kingo zilizobomoka ni kazi ya mikono yetu, na mikono hiyohiyo inaweza kuzitengeneza.

5. Tope humdhuru samaki kwa njia gani?

Kwanza, tope huziba matamvua, na samaki hupumua kwa shida. Pili, maji ya tope hayapitishi mwanga vizuri. Mwani hauwezi kujitengenezea chakula bila mwanga, hivyo wadudu na samaki hukosa chakula. Tatu, tope huyafunika mayai yaliyotagwa chini ya maji, nayo hukosa oksijeni na kufa. Nne, tope hujaza vidimbwi virefu ambamo samaki hujihifadhi wakati wa kiangazi.

Tena, miti ya ukingoni ikikatwa, jua huyapasha maji moto. Maji yenye joto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Hivyo samaki huhitaji hewa zaidi wakati uleule hewa inapopungua.

6. Jaribio: Nyasi huzuiaje udongo?

Vifaa: chupa mbili kubwa za plastiki, udongo wa shambani, kipande cha nyasi kilichong'olewa pamoja na mizizi na udongo wake, bilauri mbili zinazopitisha mwanga, kopo lililotobolewa matundu madogo chini, matofali mawili, maji na rula.

Njia:
1. Mwombe mwalimu akusaidie kukata upande mmoja wa kila chupa, ili chupa iwe kama mtumbwi. Usivifunike vinywa vya chupa.
2. Jaza chupa ya kwanza udongo mtupu. Katika chupa ya pili weka udongo wenye nyasi. Udongo wa chupa zote mbili uwe sawa kwa kina.
3. Egemeza kila chupa juu ya tofali ili kinywa kielekee chini kidogo. Weka bilauri chini ya kila kinywa.
4. Mimina maji ya kiasi kimoja juu ya kila chupa kwa kutumia kopo lenye matundu. Hayo ndiyo mvua yako.
5. Angalia ni maji yapi yanayotangulia kutoka, na rangi ya kila maji.
6. Ziache bilauri zitulie mpaka kesho. Pima kwa rula kimo cha tope lililotua.

Andika matokeo katika jedwali lenye safu tatu: Nilichoangalia, Udongo mtupu, Udongo wenye nyasi.

Maelezo: Utaona kwamba maji ya udongo mtupu hutoka upesi, nayo yana tope jingi. Majani hupunguza nguvu ya matone, na mizizi huushika udongo na kuacha nafasi za maji kupenya. Maji yaliyopenya ardhini hayapotei. Hutoka polepole katika chemchemi na vijito, nayo husaidia mto kuendelea kuwa na maji hata mvua ikisha.

Kwa hiyo nyasi na miti hufanya kazi mbili. Huzuia tope wakati wa mvua, na hutunza maji kwa ajili ya kiangazi. Samaki huhitaji kazi zote mbili.

7. Kuurejesha mto

Kurejesha makazi maana yake ni kuyasaidia makazi yaliyoharibika yapate tena hali inayofaa viumbe wake. Kazi hii huanzia juu, shambani, na kuishia chini, ziwani. Kumbuka mfano wa paa na pipa.

Shambani: Lima kwa kukatisha mteremko. Tengeneza makinga maji, na juu yake panda majani yenye mizizi mingi, kama vile mabingobingo, ambayo pia ni chakula cha ng'ombe. Panda miti mipakani.

Ukingoni: Acha ukanda usiolimwa, ili nyasi na miti viote vyenyewe. Penye upara panda miti ya asili ipendayo maji, kama vile mikuyu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au ziwezazo kuharibu mazingira, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa.

Malishoni: Chimba malambo na jenga mabirika ya kunyweshea mifugo mbali na mto. Mahali pa kuvukia pawe pamoja, palipoimarishwa kwa mawe.

Mlangoni mwa mto: Usichome wala kung'oa mafunjo. Yakiachwa, huota tena yenyewe kutoka katika mashina yaliyo chini ya ardhi.

Katika uvuvi: Usitege mlangoni mwa mto wakati samaki wanapopanda kuzaa. Tumia nyavu zinazoruhusiwa kisheria.

Kazi hizi haziwezi kufanywa na kijiji kimoja. Mwaka 1997 Kenya, Tanzania na Uganda zilianza mradi wa pamoja wa kutunza mazingira ya Ziwa Victoria. Awamu yake ya pili ilianza mwaka 2009, na bonde la Mto Simiyu lilikuwa miongoni mwa mabonde yaliyochaguliwa nchini Tanzania.

8. Elimu ya wazee: ngitili

Huenda ukauliza, "Je, ardhi iliyochakaa huweza kupona kweli?" Jibu linapatikana hapa hapa.

Tangu zamani Wasukuma walikuwa na desturi ya kutenga sehemu ya malisho iitwayo ngitili. Mwanzo wa mvua sehemu hiyo hufungwa, wala mifugo haiingii. Nyasi hukua mpaka kiangazi. Ndipo hufunguliwa, hasa kwa ajili ya ndama, maksai na mifugo dhaifu.

Katika karne ya 20 desturi hiyo ilififia. Misitu mingi ilikatwa ili kuwaangamiza mbung'o, na mingine ilifyekwa ili kupanua mashamba ya pamba. Mifugo iliongezeka. Nchi ikabaki wazi, na upepo na maji vikachukua udongo.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa wilaya za Mkoa wa Shinyanga. Mwanzoni wataalamu walitilia mkazo kupanda miti katika vitalu. Baadaye waliwasikiliza wazee, wakaifufua ngitili. Hapa palikuwa na ajabu moja: mahali pengi hapakuhitaji kupandwa mti hata mmoja. Mizizi ya miti ya zamani ilikuwa hai bado ardhini. Ilipoachwa bila kukatwa wala kuliwa na mifugo, ilichipua yenyewe.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa na eneo la hekta 600 hivi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Watafiti walihesabu humo zaidi ya aina 140 za ndege. Watu walipata kuni, dawa, asali, matunda ya porini na majani ya kuezekea. Mpango ulimalizika mwaka 2004, lakini elimu yake imebaki kwa watu.

Ngitili iliyo mlimani ni rafiki wa samaki aliye ziwani, ingawa hawajaonana kamwe.

9. Mahali pengine

Samaki wa baharini nao huhitaji mahali salama pa kulelea vifaranga. Katika pwani ya Afrika Mashariki kazi ifanywayo na mafunjo ziwani hufanywa na mikoko. Msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki uko katika mlango wa Mto Rufiji. Huko Gazi, katika pwani ya kusini ya Kenya, wanavijiji hulinda na kupanda mikoko katika mradi uitwao Mikoko Pamoja, ambao ulianza kupata fedha za hewa ya ukaa mwaka 2013. Sehemu ya fedha hizo imetumika kwa maji na kwa shule.

Huko Marekani kuna samaki aitwaye samoni, ambaye huishi baharini na kupanda mto kwenda kuzaa, kama ningu atokavyo ziwani. Katika mto Elwha mabwawa mawili ya umeme yalikuwa yamemfungia njia kwa takriban miaka mia moja. Mabwawa hayo yalibomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014. Njia ilipofunguka, samoni walipanda tena mpaka sehemu za juu za mto. Hawakuwa wameshurutishwa na mtu. Makazi yalikuwa tayari, nao wakarudi.

10. Swali gumu

Fikiri juu ya mama mmoja mwenye bustani ya mboga kando ya mto. Udongo wa hapo una rutuba, na maji ni karibu. Wakati wa kiangazi bustani hiyo ndiyo imlishayo na kumpatia fedha za daftari za watoto. Tukimwambia, "Ondoka, samaki wanataka ukingo," atatuuliza, "Nami nile wapi?"

Swali lake ni la haki. Mama huyo si adui wa mto. Asipopata mahali pengine penye maji, atarudi palepale usiku. Ndiyo maana kazi ya kuurejesha mto lazima iende pamoja na kisima, lambo au mfereji wa kumwagilia bustani mbali na ukingo, na miti ya matunda yenye faida kwake. Tena yafaa akumbuke kwamba ukingo usiotunzwa huporomoka pamoja na bustani yake.

Mjadala: Gawanyikeni katika makundi manne: wakulima wa ukingoni, wafugaji, wavuvi wa ziwani na viongozi wa kijiji. Kila kundi lieleze mahitaji yake. Kisha mpatane juu ya mambo matatu yatakayofanywa na watu wote.

11. Kazi za kufanya

1. Muulize babu, bibi au mzee wa kijijini: mto wetu ulikuwaje ulipokuwa mtoto? Ulikuwa na samaki gani? Andika majina yao, hata kama ni ya Kisukuma.
2. Anzisheni kitalu cha miche shuleni. Kusanyeni mbegu za miti ya asili. Kila mwanafunzi atunze miche miwili.
3. Tengeni kipande kidogo cha kiwanja cha shule kiwe ngitili. Kisikanyagwe wala kufyekwa kwa mwaka mzima. Kila mwezi hesabuni aina za mimea na wadudu waonekanao.

TAHADHARI: Usiende mtoni peke yako. Usiingie majini kwa kazi hizi. Maji yaweza kuwa na kichocho au mamba, na mafuriko huja ghafula hata kama mvua haikunyesha pale ulipo.

Mambo ya kukumbuka

Maji yote ya bonde huishia katika mto mmoja. Udongo unaopotea shambani huwa tope mtoni, na tope huua mayai ya samaki na kuziba matamvua yao. Ningu huhitaji ziwa, mto na uwanda wa mafuriko ili apate kuzaa. Ardhi iliyochakaa huweza kupona, kama ngitili zilivyoonyesha. Samaki wa ziwani hulindwa kuanzia shambani.

Maneno mapya

Ardhi oevu: nchi inayolowa maji kwa muda mrefu wa mwaka.
Bioanuwai: wingi wa aina mbalimbali za viumbe mahali fulani.
Bonde la mto: eneo lote ambalo maji yake hutiririkia mto mmoja.
Matamvua: viungo ambavyo samaki huvutia oksijeni majini.
Uwanda wa mafuriko: mahali tambarare ambapo maji hutanda mto ufurikapo.

Maswali

1. Mto Simiyu huyamwaga maji yake wapi?
2. Eleza kwa nini bonde la mto limefananishwa na paa la nyumba.
3. Kwa nini kambare na kamongo huvumilia maji machafu kuliko samaki wengine?
4. Taja njia tatu ambazo tope humdhuru samaki.
5. Katika jaribio, kwa nini ilitupasa kumimina maji ya kiasi kimoja katika chupa zote mbili?
6. Hatua moja ya mwanafunzi ni sentimeta 60. Atapiga hatua ngapi kutoka ukingoni ili atimize meta 60? Nenda kiwanjani ukapime umbali huo.
7. Kwa nini miti iliota katika ngitili bila kupandwa?
8. Mvuvi wa Magu anasema, "Watu wa Bariadi hawanihusu, wao ni wakulima, mimi ni mvuvi." Mwandikie barua fupi ya kumjibu.